Mgonjwa Wako Yuko ICU? Omba Kazi, Usisimame Tu

Dada mmoja wa Wete kaniandikia juzi. Baba yake amelazwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, huku Unguja, yuko kwenye mashine ya kupumulia. Kila akiruhusiwa kuingia anasimama miguuni pa kitanda, analia, muda unakwisha, anatoka. Ananiuliza: "Nifanye nini zaidi ya dua?"

Yapo ya kufanya, ndugu yangu. Nimemuuguza mamaangu katika chumba kama hicho, na leo anakuna nazi mwenyewe.

Tulivuka naye kutoka Mkoani akiwa taabani. Hospitali ya mwanzo tulifungiwa mlango. Tukaketi barazani na birika letu la chai, hakuna wa kutueleza kitu, na tukiuliza tunaambiwa tunasumbua. Neno lile linaniuma mpaka leo. Aliyekuzaa yuko ndani, nawe uambiwe unasumbua!

Tulipohamishiwa kwengine nikaruhusiwa kuingia. Nikamkuta nesi anamwita mama kwa sauti, mama kimya. Akaniambia haitiki. Nikamuuliza, unamwita sikio gani? La kushoto. Sikio lile halisikii tangu utotoni, mtaa mzima kwetu unajua. Nikazunguka upande wa kulia: "Mama, mie mwanao, nibane mkono." Akanibana! Nesi alimwita dokta hapo hapo, na likaandikwa kwenye faili kwamba azungumzishwe sikio la kulia. Naona fahari kubwa kwa hilo na sioni haya kulisema, kwa sababu bila ya mtu wa nyumbani pale wangeendelea kuliita sikio lisilosikia.

Basi waambie wauguzi mnayoyajua: miwani, sikio, dawa anazotumia hata zile za miti shamba, jina analoitikia nyumbani. Kisha sema naye. Mwenye mpira wa kupumulia kooni hatoi sauti kwa sababu mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti, lakini huenda anakusikia. Mwambie leo siku gani, yuko wapi, adhana gani imeadhiniwa.

Mama alifika pahala akaanza kuweweseka. Anadhani yuko jahazini, anataka kung'oa mipira. Shangazi akasema kaingiwa na shetani, aletwe mganga. Nilikataa, na kila mwenye mgonjwa akatae. Hali hiyo huwapata wengi wa ICU, hasa walio kwenye mashine. Huletwa na ugonjwa wenyewe, dawa na kukosa usingizi, na mara nyingi huondoka. Nilimshika mikono nikawa namrudia yale yale: Mama, uko hospitali Unguja, ni asubuhi, mie niko hapa. Sema naye, usichoke.

Zamzam msimnyweshe kwa kujificha. Najua ni mapenzi, lakini mgonjwa asiyemeza vizuri maji humwingia mapafuni. Muulize nesi kama unaweza kumlowesha midomo kwa pamba. Muulize pia kama unaweza kumpaka mafuta miguuni, kumnyoosha vidole, kumchana nywele. Omba kazi! Na mikono ioshwe unapoingia na unapotoka, kila mara.

Jambo jengine ni la kwetu sisi wenyewe. Jamaa yetu mmoja alisimama kitandani akazungumzia sanda na nani atakwenda kuchimba kaburi. Mama alipopata fahamu alitusimulia maneno yale. Hebu tumche Mungu. Mgonjwa hajafa mnamzika mdomoni? Mazungumzo hayo yafanyeni nje, na mteue mtu mmoja wa kuzungumza na dokta, si kila ami na kila mjomba aje na swali lake.

Na wale wanaosema jamaa wanaleta vijidudu, upo utafiti wa ICU 36 za Brazil, uliochapishwa 2019, uliolinganisha muda mfupi wa kutembelea na muda mrefu wa hadi saa 12 kwa siku. Kuweweseka hakukupungua kwa kiasi cha kuhesabika, lakini maambukizi hayakuongezeka, na jamaa walipungukiwa na wasiwasi na huzuni. Wakubwa wa hospitali zetu wausome.

Dada wa Wete, kesho ukiingia usisimame miguuni. Nenda kichwani, mwite baba kwa jina mnalomwita nyumbani, na umuulize nesi wa zamu: "Naweza kusaidia nini leo?" Akisema hakuna, muulize tena wa zamu ya jioni.