Muulize Daktari: Mbwa na Mambo Yao ya Haja

Mwezi huu barua karibu zote zinahusu mbwa, na sababu naijua. Katika toleo lililopita niliandika mistari miwili juu ya mbwa wangu Njugu, ambaye hajisaidii mpaka anuse kila jani la uwanja, nikawaomba mniambie vituko vya mbwa wenu. Mmeniambia. Nimezisoma hapa kliniki Kisumu, nyingine kwa sauti, hadi msaidizi wangu akalazimika kuweka sindano chini acheke kwanza. Nimechagua tano.

*Hujambo daktari. Mbwa wetu Bosi akitaka haja kubwa huzunguka kama pia, mara tano, sita, ndipo achuchumae. Akimaliza anaparura nyasi kwa miguu ya nyuma mpaka udongo unaruka. Kijana wangu wa chuo anasema anatafuta kaskazini. Ananidanganya? — Mama Bosi, Bungoma*

Mama Bosi, kijana hakudanganyi, ila amekupa nusu ya habari.

Habari hiyo ilitoka kwa watafiti wa Ucheki na Ujerumani mwishoni mwa 2013. Kwa miaka miwili waliandika mbwa 70 wa aina 37 wameelekea upande gani kila wanapojisaidia: haja kubwa mara 1,893, haja ndogo mara 5,582. Hebu fikiria subira ya watu hao, kusimama nje kwenye baridi na dira mkononi kumngoja mbwa. Walipojumlisha hesabu zote hawakuona mpangilio wowote. Walipotenga zile nyakati ambazo nguvu za sumaku za dunia zimetulia, wakaona mbwa wanapendelea kulaza mwili kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Mwaka 2014 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaokuchekesha kwanza kisha ukakufikirisha. Lakini utulivu huo wa sumaku hupatikana kama sehemu moja tu kwa tano ya saa za mchana. Kwa hiyo Bosi akikuelekezea mashariki leo, si kwamba amepotea.

Mimi nilimpima Njugu kwa dira ya simu kila asubuhi kwa mwezi mzima, huku kwetu Mamboleo. Mara nyingi alielekea ukuta wa jirani anayefuga bata mzinga. Upande huo ndiko kelele zinakotoka, na mnyama aliyechuchumaa hawezi kukimbia upesi, basi hutaka kuona kinachomjia. Huko kuzunguka nako kuna kazi yake: nyasi zinalala, naye anapata nafasi ya kunusa mahali vizuri na kutazama pande zote kabla hajajiweka chini. Ukimvuta kamba katikati ya mzunguko wa tatu, anaanza upya. Mpe muda wake.

Kuparura si kufukia. Paka hufukia, mbwa hutangaza. Katikati ya vidole vyake kuna tezi zinazoacha harufu, na mikwaruzo yenyewe huonekana na mbwa mwingine hata kabla hajafika kunusa.

*Daktari, kuna kambwa ketu kadogo, hakafiki hata magotini. Kanainua mguu juu sana kwenye nguzo ya geti hadi karibu kaanguke. Na taili ya gari la mgeni yeyote lazima kaikojolee. Nimeona aibu mbele ya wakwe. — Baba wa wanne, Lanet, Nakuru*

Baba, hiyo nguzo yako ni kama kipindi cha salamu cha redio. Kila mbwa anayepita anatuma zake, na anayekuja nyuma anasikiliza zote: nani amepita, dume au jike, jike yuko kwenye joto au hayuko. Kambwa kenu kanataka zake zisikike juu ya za wengine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipima pembe ya mguu wa mbwa dume akikojoa, na mwaka 2018 wakaandika kwamba mbwa wadogo huinua mguu juu zaidi ya wakubwa, wakilinganishwa na urefu wao. Alama ikiwa juu, anayeinusa atadhani imeachwa na jibwa. Huo ni ujasiri, na mimi naupenda.

Taili nayo ina habari za mbali. Gari lililotoka Busia asubuhi limekanyaga barabara nzima, na harufu za mbwa wa njiani zimeganda pale chini. Wakwe wakija, kafungeni nyuma ya nyumba, kisha mkaachilie kamalizie udadisi wake magari yakishaondoka. Kumhasi mbwa dume hupunguza tabia hii kwa wengi, lakini si kwa wote.

*Popi wetu anaketi sebuleni na kujikokota kwa makalio kwenye zulia, miguu ya nyuma iko juu, utadhani watoto wanaoteleza mlimani na gogo la mgomba. Watoto wanamrekodi kwa simu, tunacheka sana. Sasa ni wiki mbili. — Msomaji wenu, Kakamega*

Hapa ndugu yangu sitacheka nanyi. Wiki mbili ni nyingi. Popi anawashwa au anaumia, na zulia ndilo analotumia kujikuna.

Mbwa ana vifuko viwili vidogo pembeni mwa tundu la haja kubwa. Chukua uso wa saa ya ukutani: viko penye namba 4 na namba 8. Ndani yake mna majimaji ambayo hutoka kidogo kidogo choo kigumu kinapopita na kuvibana. Mbwa akiharisha siku nyingi au choo chake kikiwa laini kila siku, vifuko havibanwi vizuri, vinajaa, majimaji yanakuwa mazito kama dawa ya meno. Nimevaa glovu na kuvikamua mara nyingi sana, na harufu yake sijaizoea: ni ya omena walioanikwa, wakanyeshewa, kisha wakasahauliwa guniani. Ukisikia harufu hiyo kwenye zulia, umejua. Ukiona uvimbe au usaha pembeni mwa tundu, usingoje Jumatatu.

Sababu ya pili ni tegu, yule mnyoo bapa wa tumboni. Inua mkia wa Popi mchana penye mwanga. Ukiona vitu vyeupe kama punje za mchele kwenye manyoya, vingine vinasogea, hivyo ni vipande vya tegu. Mbwa humpata tegu huyu kwa kumeza kiroboto anapojitafuna. Kwa hiyo dawa ya tegu peke yake ni kazi bure: utampa leo, na viroboto watamrudishia kabla ya miezi miwili kwisha. Muulize daktari wa mifugo dawa yenye prazikwanteli kwa uzito wa Popi, na siku hiyo hiyo muue viroboto kwenye mwili wake, kwenye gunia analolalia na kwenye hilo zulia. Mtoto anayecheza naye chini akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kupata tegu huyo huyo.

Video msiifute. Mwonyesheni daktari, itamsaidia.

*Mimi niko gredi ya sita. Baba akifika nyumbani jioni Simba anajikojolea. Baba anasema ni kukosa heshima. Simba ana miezi saba. — Mwanafunzi, Kitale*

Mwanangu, mwambie baba, kwa upole, kwamba ni kinyume chake. Mbwa mchanga akijikojolea mbele ya mkubwa, masikio yamelala, mkia uko chini, anasema "wewe ni mkubwa, mimi ni mdogo, usinidhuru". Ni heshima iliyopita kiasi. Akigombezwa atazidi kukojoa, maana sasa ana sababu mpya ya kuogopa. Baba akiingia apite bila kumtazama, aweke mfuko, anywe maji, kisha achuchumae akimpa ubavu, amwache Simba aje mwenyewe. Amguse kifuani, si kichwani. Wengi huacha wakikomaa.

*Daktari, Tiger ni mbwa wa ulinzi. Anafungiwa bandani saa kumi na mbili asubuhi, anafunguliwa saa mbili usiku. Nikimfungua namwekea ugali mlangoni mwa jikoni, anakula, kisha anakunya pale pale kizingitini. Kila siku! Analipiza kisasi? Nimemchapa na haachi. — Mama wa nyumba, Kisumu*

Mama, hii barua ndiyo iliyonikosesha usingizi, na kwa kuwa si mbali niliomba nije. Asante kwa kunikaribisha na kwa chai.

Banda lake ni la mabati, refu kuliko Tiger kwa hatua mbili. Niliinama nikachungulia. Gunia lake liko upande wa kushoto, safi, limekanyagwa likawa kama kiota. Uchafu wote uko kwenye kona ya mbali ya kulia, kalundo kamoja kadogo kakavu. Mbwa yule amejibana saa kumi na nne, siku nenda siku rudi, asichafue anapolala. Mbwa hatakiwi kuzidi saa nane hivi.

Kisha anafunguliwa na kupewa chakula mlangoni. Chakula kikifika tumboni, utumbo wa chini huamka na kusukuma kilichokuwa kimekaa, kwa mbwa kama kwa mtoto mchanga. Tiger hana hesabu za kisasi. Anajisaidia pale kwa sababu ndipo chakula kilipomkuta, na kila jioni harufu ya jana inamthibitishia kwamba hapo ndipo choo kilipo. Kiboko kimemfunza jambo moja tu, kukaa mbali nawe.

Tulikubaliana hivi. Saa saba mchana dada wa nyumbani anamtoa kwa kamba nusu saa. Usiku akifunguliwa anapelekwa kwanza kwenye nyasi nyuma ya tangi la maji, na chakula kinawekwa baada ya kujisaidia, upande huo huo, si jikoni. Kizingiti kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kisha kipanguswe kwa siki. Dawa yenye amonia isitumike, inanukia kama mkojo wenyewe. Na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isichanganywe kamwe na siki, hutoa hewa ya sumu. Kinyesi kizolewe kila siku na kisitupwe kwenye shamba la sukuma wiki: mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa huhitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo cha leo kikiondolewa leo, hatari kwa mtoto inapungua.

Jumamosi mama alinipigia. Kizingiti kimekauka siku nne mfululizo. Aliuliza jambo moja tu: Tiger akifika nyuma ya tangi anazunguka mara tatu na kugeukia ziwa kabla hajachuchumaa, je, amzuie? Nilimwambia amshikie kamba na angoje.