Kiafrikana: nianzie wapi?

SWALI: Niko Lubumbashi, nahudumia madereva wa malori ya Afrika Kusini wanaopitia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Nijifunzeje Kiafrikana, lugha yao?

JIBU: Anza na kitenzi, ndugu, maana hakibadiliki kwa nafsi: ek werk (nafanya kazi), jy werk (unafanya kazi), ons werk (tunafanya kazi). Wakati uliopita ni ek het gewerk, yaani nilifanya kazi. Kinachowaangusha wengi ni ukanushi. "Ek werk nie" ni sifanyi kazi. Ukiongeza neno baada yake, "nie" hurudi mwishoni: ek werk nie vandag nie, yaani leo sifanyi kazi. Ukiiacha ya pili, sentensi inasikika imekatika. Herufi g mwanzoni mwa neno itoke kooni, kama kh ya "kheri". W hutamkwa v, na v hutamkwa f. Dereva aliyekuzidi umri mwite oom (mjomba), mwanamke tannie (shangazi), hata kama si jamaa yako.