Gibbs au Montgomery? Kabla hujahesabu yadi, muangalie akiwa hana mpira

Mkuu umeuliza kwa nini Detroit Lions, timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, msimu wa 2024 walikua na Jahmyr Gibbs anayekula wastani wa yadi 5.6 kila akishika mpira, afu bado wakampa David Montgomery mara 185 wakati yeye anapata 4.2 tu, na sisi tuliokulia kwenye soka tutamjuaje ranibeki mzuri, yani yule anayepewa mpira mkononi akimbie nao. Nakujibu kirefu kidogo maana hapo ulipo na mimi nilipita na niliumia.

Nipo Grand Rapids, nafanya shifti ya usiku ghalani. Mwaka 2023 tukacheza fantasi pale kazini, ile ya kila mtu anachagua wachezaji wake na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, dola 20 kila kichwa. Mimi kifua mbele nikaenda na Jamaal Williams, kwa sababu 2022 akiwa Lions aliongoza ligi nzima kwa tachidauni 17 za kukimbia, tachidauni ni kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, ndo goli lao. Akahamia Saints. Aisee msimu mzima yadi 306 na tachidauni MOJA, tena hiyo moja ya kuokoteza, gemu ya mwisho na Falcons, wanaongoza 41-17, wamejipanga kama wanapiga goti kumaliza muda, wenzake wakakubaliana wenyewe bila ridhaa ya kocha wampe jamaa afunge. Dola zangu 20 zikaenda hivyo.

Ndo nikajiuliza, mtu kasahau kukimbia ndani ya miezi minane? Hapana. Zile 17 nyingi zilikua za yadi moja moja pale mlangoni, timu ndo ilikua inamfikisha. Ni kama straika anayepigiwa krosi mpaka kichwani afu unamsifia kwa kuruka. Mbele ya ranibeki kuna laini ya majitu matano yanayomfungulia njia, na njia isipofunguka hata malaika hapiti. Angalia Saquon Barkley, 2023 yuko Giants anapata yadi 3.9 kwa kila mbio watu wanasema kaisha, 2024 kaenda Eagles kwenye laini ya maana akapiga yadi 2,005 msimu ule. Au Barry Sanders wa hao hao Lions, 1994 aliongoza ligi kwa yadi 1,883, ikaja gemu ya mtoano na Green Bay akakimbia na mpira mara 13 akatoka na yadi HASI moja. Mtu yule yule, miguu ile ile!

Kwahiyo wastani usikudanganye. Fikiria mtu kakimbia mara 10, tisa kapata yadi moja moja, ya kumi kachomoka 60. Wastani wake 6.9, unapiga makofi, kumbe mara tisa kaiacha timu kwenye shimo. Wanaofuatilia kwa umakini wanauliza kila mbio imefaulu au imefeli. Dauni ni jaribio, timu inapewa manne kusogeza mpira yadi 10: dauni ya kwanza inataka yadi 10, ukipata 4 umefanya kazi, dauni ya pili upate zaidi ya nusu ya zilizobaki, kama asilimia 60 hivi, dauni ya tatu umalize deni lote. Hapo ndo utaona kazi ya Montgomery, jamaa ana kilo 100 na kitu, akiguswa anaangukia mbele, mbio ya kufeli anaigeuza inakua yadi 4. Haipendezi kwenye klipu ila kwotabeki, yule anayeanza na mpira na kupiga pasi, anashukuru.

Sasa kitu kilichonifungua macho. Kuna mtu mzima mmoja wa hapa hapa Michigan tunafanya nae kazi, alicheza sekondari zamani, usiku mmoja wa brek kanikuta nabishana na Wakongo wawili kwamba Gibbs apewe mpira kila saa. Hakubishana na mtu, kachukua chupa ya kechapu kaiweka mezani, huyu kwotabeki. Vikopo vitano vya kahawa mbele, laini. Kichupa cha chumvi pembeni ya kechapu, ranibeki. Afu akatoa funguo zake akazipitisha kati ya kopo la pili na la tatu kwa kasi, "huyu lainbeka, mlinzi wa wapinzani, anakuja kumuua kechapu, chumvi afanye nini?" Mimi nikasema akimbie apokee pasi. Akaiangusha kechapu na funguo, ikagonga meza, kila mtu kageuka. Wakongo wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Yani chumvi ilitakiwa iingie kati ipokee kile kishindo, na kabla ya hapo iwe imeshasoma kwamba funguo zinakuja, ndani ya sekunde moja na nusu hivi. Haiandikwi popote kwenye takwimu zako za fantasi lakini ranibeki asiyeweza hiyo kocha anamtoa dauni ya tatu, hata awe na kasi ya umeme. Kijana anayetoka chuo hapo ndo anapochelewa zaidi. Gibbs alichaguliwa wa 12 mwaka 2023, pale timu zinapogawana vijana wa vyuo, kutoka chuo cha Alabama, ana kilo 90 tu, na mwaka wa kwanza walimpa mbio 182, Montgomery 219. Mimi nilikua naona wanampotezea muda dogo.

Makabidhiano nayo usiyadharau. Fainali ya NFC, moja ya nusu mbili za ligi, Januari 2024 na 49ers, Lions walikua mbele 24-7 hapo mapumziko, robo ya tatu kwotabeki wao Jared Goff na Gibbs wakapishana kwenye kupeana mpira tu, ukadondoka, 49ers wakasawazisha, ikaisha 34-31. Ile siku sikula.

Ila dogo alikua. Disemba 2024 Montgomery kaumia goti, ikafika Januari 5, 2025 gemu ya mwisho na Vikings, mshindi anakua namba moja NFC. Gibbs peke yake, yadi 139 za kukimbia na tachidauni nne, Lions wakashinda 31-9. Kwahiyo ukiniuliza nani bora ntakwambia Gibbs bila kumung'unya, ila jibu hilo halikusaidii kujua nani awe uwanjani ikiwa dauni ya tatu na yadi moja imebaki, hapo mi nilikua namtaka Montgomery kila siku ya Mungu.

Itafute hiyo gemu ya Vikings, irudie bila sauti, na kila Goff anaporudi nyuma kupasia usifuate mpira, muangalie chumvi.