Nati Inayoingia Nusu Kisha Ikakwama

SWALI: Mhariri, nilipokuwa nikifunga upya mashine yangu, nati moja iliingia kwenye bolti mizunguko miwili kwa vidole, kisha ikagoma. Nimezipima kwa rula, na zote zinaonekana kuwa za milimita 8. Je, niikaze kwa spana?

JIBU: Usiikaze, ndugu msomaji. Yaelekea mojawapo ni ya inchi 5/16, yaani milimita 7.94, tofauti ambayo rula haiwezi kuionyesha. Kinachozikwamisha ni nyuzi, yaani mikunjo iliyochongwa kuizunguka bolti na ndani ya nati: katika M8 (ya milimita 8) ya kawaida, uzi mmoja hadi unaofuata ni milimita 1.25, ilhali 5/16 ya kawaida ina nyuzi 18 kwa kila inchi, ambazo zimeachana kwa takriban milimita 1.41. Mwanzoni kasoro hiyo ni ndogo na nati hupita, lakini kila mzunguko huiongeza mpaka nyuzi zikabane, na hapo spana itazikata tu.

Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza nyuzi ambazo pembe kati ya kuta zake ni digrii 55; mwaka 1864 William Sellers wa Marekani akaja na digrii 60. Mwaka 1948 nchi hizo mbili pamoja na Kanada zilikubaliana kiwango kimoja cha nyuzi za inchi, ingawa mashine kuukuu hazikupata taarifa. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi, na ya Kimarekani 13, kwa hiyo hukataana mapema. Za robo inchi, ambazo zote zina nyuzi 20, hukubaliana ijapokuwa pembe zake ni tofauti, nami naziogopa zaidi hizi, kwa kuwa fundi hapati dalili yoyote.

Hata milimita hazina umoja: katika M10 ya kawaida nyuzi zimeachana kwa milimita 1.5, lakini magari mengi ya Kijapani hutumia ya 1.25.

Anza kwa kutazama kichwa cha bolti. Namba kama 8.8 au 10.9 huonyesha bolti ya milimita. Mistari mitatu au sita iliyotawanyika kutoka katikati huonyesha ya inchi. Kisha tumia geji ya nyuzi (kibati chenye meno cha kulinganishia nyuzi), au ulaze bolti unayoijua ubavuni mwa hiyo na uzielekeze kwenye mwanga: zikiwa sawa, nyuzi zitalaliana bila kuacha upenyo. Unapokwenda kununua nati, beba bolti yenyewe, si kipimo ulichoandika kwenye karatasi.