Mkulima wa Tulpehocken asiyeonekana kwenye orodha za meli

*Maswali ya wasomaji kuhusu koo na nyaraka za kale*

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nimeolewa huku Reading, Pennsylvania, na nina watoto wawili. Mama mkwe alipofariki alituachia Biblia kubwa ya Kijerumani yenye majina ya wazee wa mume wangu, yameandikwa kwa mkono. Wa kwanza kabisa ni Johannes, mkulima wa Tulpehocken, hapa hapa Pennsylvania. Ndugu wa mume wangu wanasema alifika "kabla ya 1730". Nimepekua orodha za meli zilizofika Philadelphia, nikakuta wanaume watatu wenye jina lake na la ukoo wake: mmoja wa 1732, mwingine wa 1738 na mwingine wa 1749. Nimchukue yupi? Na mkewe ameandikwa Anna Maria, basi, hakuna zaidi. Kwetu Uchagani mtoto hufundishwa upande wa baba na upande wa mama, na ningependa wanangu wamjue bibi yao huyu pia. Jina la ukoo naomba msilichapishe.
*Mama wa wawili, Reading*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Kwa sasa usimchukue hata mmoja.

Fungua kwanza ukurasa wa mwanzo wa Biblia hiyo utazame ilichapishwa wapi na mwaka gani. Nyumba nyingi za Wajerumani wa Pennsylvania zilikuwa na Biblia zilizochapwa Germantown na Christopher Sauer na mwanawe, katika matoleo ya 1743, 1763 na 1776. Ikiwa yenu ni ya 1763, na majina ya watoto waliozaliwa miaka ya 1720 na 1730 yote yana wino mmoja na mwandiko mmoja, ujue yaliandikwa kwa siku moja, na mtu aliyekuwa akikumbuka au kunakili mahali pengine. Hayo ni ushahidi, lakini si sawa na ushahidi wa mtu aliyeandika mtoto akiwa bado mchanga.

Sasa tuje kwenye meli. Orodha ulizozipekua zilianza Septemba 1727, Baraza la Pennsylvania lilipotaka kila mwanamume mgeni kutoka nchi za Kijerumani, mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, aape utii kwa mfalme wa Uingereza. Meli ya kwanza kuandikwa ni William and Sarah. Aliyefika Philadelphia kabla ya hapo hayumo. Wanawake hawakuapa, na watoto pia. Na kuna kundi zima la wakulima wa Tulpehocken ambao hawamo kwa sababu hawakupita Philadelphia kabisa. Ndiyo maana neno Tulpehocken katika barua yako limenifanya niketi sawasawa.

Baada ya baridi kali ya mwanzoni mwa 1709, maelfu ya watu kutoka bonde la mto Rhine walikwenda London wakitarajia ardhi Amerika. Serikali ya Malkia Anne ikawapeleka takriban 3,000 New York mwaka 1710, chini ya Gavana Robert Hunter, wakatengeneze lami ya misonobari kwa ajili ya meli za kivita. Mradi ulianguka, chakula cha serikali kikakatwa, na wengi wakahamia bonde la Schoharie. Huko nako wakazozana na matajiri waliokuwa na hati za ardhi ile ile. Mwaka 1723 baadhi ya familia zikateremka na mto Susquehanna hadi Pennsylvania, zikalima kando ya kijito cha Tulpehocken. Kwa hiyo kama Johannes wenu alikuwa pale "kabla ya 1730", anza kumtafuta katika karatasi za New York. Hunter aliacha orodha za watu aliowalisha kati ya 1710 na 1712: jina la mkuu wa kaya, na idadi ya watu wake walio juu na chini ya miaka kumi. Kaya ya Johannes, au ya baba yake, inaweza kuwa imelala humo miaka yote hii.

Uone jinsi njia hii inavyofuatika, mtazame Conrad Weiser, ambaye shamba lake huko Womelsdorf, si mbali nawe, sasa ni mahali pa makumbusho. Alizaliwa Württemberg mwaka 1696. Mama yake alifariki 1709, na mwaka huo huo baba akaondoka na watoto. Huko New York, gavana akawatoa wadogo wawili wa Conrad kwenda kutumikia watu Long Island, baba yao akiwa mgonjwa. Conrad mwenyewe alikaa kipindi cha baridi kwa Wamohawk, wenyeji wa asili wa nchi ile, akajifunza lugha yao. Alimwoa Anna Eve 1720, akahamia Tulpehocken 1729, akawa mkalimani mkuu wa Pennsylvania kwa mataifa ya Wairokwa, ambayo Wamohawk ni mojawapo, akafa 1760. Binti yake Anna Maria aliolewa 1745 na Henry Melchior Muhlenberg, mchungaji aliyewaunganisha Walutheri wa Amerika. Hakuna orodha ya kiapo ya Philadelphia inayohitajika kuueleza ukoo huu. Unajulikana kwa daftari la kanisa Ujerumani, orodha za Hunter, maandishi ya Conrad mwenyewe, na ardhi.

Ardhi, mwanangu. Ningekuwa karibu ningekupeleka mwenyewe Harrisburg, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo. Mkulima wa Pennsylvania alipitia hatua nne: ombi, kibali cha kupimiwa, ramani ya mpima ardhi, kisha hati ya mwisho. Kuanzia 1732 familia ya Penn, wenye koloni, ilitoza pauni 15 na shilingi 10 kwa ekari 100, na nusu peni kwa ekari kila mwaka. Wengi walishindwa kumaliza malipo, wakafa na kibali tu, na hati ikatoka kwa wana au wajukuu. Hapo ndipo penye utajiri, kwa sababu hati ya mwisho mara nyingi inasimulia: fulani alipewa kibali mwaka fulani, akafa, akaacha wana hawa, huyu akamuuzia yule. Usome mpaka mstari wa mwisho, hata kama sehemu kubwa ni mipaka ya mialoni na mawe.

Lakini usitarajie kibali cha miaka ya 1720 huko Tulpehocken. Ardhi ile ilikuwa bado ya Walenape, wenyeji wake wa asili. Kiongozi wao Sassoonan alilalamika waziwazi kwamba watu wanaishi juu ya ardhi ambayo hajalipwa, na familia ya Penn haikuinunua mpaka 1732. Johannes angeweza kulima miaka tisa bila karatasi yoyote. Naomba wanao waambiwe habari hii pia watakaposimuliwa shamba la babu.

Na ujue kaunti zilikuwa zikigawanywa shamba likiwa limekaa palepale. Tulpehocken ilikuwa kaunti ya Chester. Lancaster ikaundwa 1729, ikawa Lancaster. Berks ikaundwa 1752, na mji wake mkuu ukawa Reading yenu. Wosia wa mtu aliyekufa 1750 uko Lancaster. Wa aliyekufa 1753 uko hapo mjini kwako. Nimewaona watu wakikata tamaa kwa kutafuta katika ofisi isiyo yake.

Ukipata ramani ya mpimaji, nakili majina ya majirani waliopakana naye pande zote. Usiache hata mmoja. Hao ndio utakaowakuta wakisimamia ubatizo wa watoto wake, wakishuhudia wosia wake na kuoa binti zake. Watu hawa walihama kwa vikundi vya kijiji, wakapanga mashamba kwa vikundi, wakaozana. Ukoo mmoja ukikosa maandishi, wa jirani huwa nayo.

Hivyo ndivyo utakavyomfikia Anna Maria. Mchungaji Mlutheri Johann Casper Stoever alizunguka kwa farasi akibatiza na kufungisha ndoa katika eneo lenu, na daftari lake linaanza 1730 hadi 1779. Limetafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapwa. Ndoa zake zina majina ya wote wawili. Lakini kwenye ubatizo mara nyingi anaandika baba peke yake, kisha wasimamizi, na mama hatajwi. Inaniudhi kila ninapolifungua. Basi watazame wasimamizi. Watu walipenda kuwachukua ndugu wa karibu, na mwanamke anayerudi mara kwa mara kwa watoto wa Johannes anaweza kuwa dada au mama wa Anna Maria. Majina ya wanawake katika maandishi ya Kijerumani ya wakati ule yaliongezwa *-in* mwishoni: binti wa Weber anaandikwa Weberin. Usidhani ni ukoo mwingine.

Kisha nenda Mahakama ya Yatima. Yatima hapo ni mtoto aliyefiwa na baba, hata kama mama yupo hai. Mahakama iliwateulia yatima walio chini ya miaka 14 walezi wao, na waliozidi walijichagulia wenyewe. Mjomba upande wa mama ni mlezi wa kawaida kabisa. Pale ambapo marehemu hakuacha wosia, mjane alipata theluthi na mwana wa kwanza mafungu mawili, kwa hiyo watoto wote hutajwa. Baada ya hapo tafuta hati ambayo warithi wanamwachia mmoja wao shamba. Humo mabinti huandikwa pamoja na waume zao, na mahali wanapoishi. Ningechagua karatasi hiyo moja kuliko orodha kumi za meli.

Ukishamjua Johannes kwa ardhi na majirani, rudi sasa kwa wale watatu, ikiwa mambo ya New York hayakuzaa kitu. Orodha za Philadelphia zilichapwa 1934 katika vitabu vitatu, na kimoja kinaonyesha sahihi zao zenyewe kwa picha. Linganisha na sahihi kwenye wosia. Aliyetia alama ya msalaba mbele ya afisa si rahisi awe yule aliyeandika jina lake kwa mkono uliozoea kalamu. Soma pia majina yaliyo juu na chini yake kwenye foleni ile ya kiapo: ukimkuta jirani yake wa Tulpehocken, moyo wako utatulia. Angalia na uraia. Sheria ya Uingereza ya 1740 ilimpa mgeni Mprotestanti uraia baada ya miaka saba ya kukaa makoloni, akileta uthibitisho kwamba ameshiriki Meza ya Bwana hivi karibuni. Aliyefika 1749 hawezi kuwa raia kwa njia hiyo mwaka 1750.

Mambo ya Ujerumani yaache mpaka ujue kijiji. Makarani Waingereza waliwaita wote watu wa Palatinate, eneo moja tu la Ujerumani, hata aliyetoka Baden au Württemberg. Ukishapata kijiji, madaftari mengi ya makanisa ya Kiprotestanti yanasomeka kwa kulipia kwenye tovuti ya Archion. Mwandiko usikutishe. Nilijifunza kuusoma kwenye mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyoko kwenye Hifadhi ya Taifa Dar es Salaam, na unazoeleka mtu akianza na majina anayoyajua. Nitumie picha ya ukurasa mmoja wa Biblia, tuusome pamoja.

SWALI: Mzee, nimesoma kwamba Wajerumani wa Germantown walipinga utumwa mapema sana. Je, wakulima hawa hawakuwa na watumwa?
*Mwanafunzi wa historia, Nairobi*

JIBU: Pingamizi la Germantown ni la kweli, la mwaka 1688, lilitiwa sahihi na watu wanne, Francis Daniel Pastorius akiwemo. Ni maandishi ya kuheshimika. Lakini usiyatumie kama cheti cha usafi wa kila shamba. Wajerumani wengi walitegemea nguvu za familia, na wengine walinunua muda wa wenzao walioshindwa kulipa nauli ya meli, wakawatumikisha kwa miaka kadhaa. Walikuwapo pia waliomiliki Waafrika. Fungua orodha za kodi: baada ya ekari, farasi na ng'ombe, wakati mwingine karani ameandika idadi ya watu. Sheria ya Pennsylvania ya Machi 1780 iliwataka wamiliki waandikishe kila mtumwa kwa karani wa kaunti kufikia 1 Novemba mwaka huo: jina, umri, jinsia. Asiyeandikishwa alikuwa huru. Mtoto aliyezaliwa na mama mtumwa baada ya sheria hiyo alitumikishwa mpaka afikishe miaka 28. Anayechunguza ukoo wa mkulima na akaruka kurasa hizo ameacha nje watu waliolala chini ya paa lile lile.

SWALI: Kwenye nakala ya wosia nimeona tarehe "siku ya 10, mwezi wa 3, 1741". Ni Machi, sivyo?
*Msomaji, Lancaster*

JIBU: Hapana, ni Mei, ikiwa mwandishi alikuwa Mkweka, yaani mfuasi wa dhehebu la Kikristo la Marafiki. Wakweka walihesabu miezi bila kuitaja majina, na kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi, kwa hiyo Machi ndiyo ilikuwa mwezi wa kwanza. Ndiyo sababu pia utakuta "Februari 1731/2": kwa karani Mwingereza bado ni 1731, kwa mchungaji Mjerumani tayari ni 1732. Mwaka 1752 mwaka mpya ukahamishiwa Januari, na tarehe 2 Septemba ikafuatwa na 14 Septemba. Ukinakili, andika tarehe kama ilivyo kwenye karatasi, na tafsiri yako uiweke pembeni.