Kigae cha Tanuri Huharibikia Majini

Ukiingia karakana inayotengeneza vigae vya nyuzi za kauri, vile vinavyopangwa ndani ya tanuri ili joto lisitoroke, macho yako yatakimbilia tanuri, maana ndiko kwenye moto. Mimi nakushauri miezi ya mwanzo ushinde kwenye matangi ya maji. Vigae vingi nilivyoviona vikipasuka, vikipinda au vikibanduka tabaka kwa tabaka vilikuwa vimeshaharibika kabla havijaonja moto. Tanuri ilitangaza tu kosa lililofanyika majini au wakati wa kukausha.

Kwanza elewa unachoshika. Alumina na silika, yaani oksidi za alumini na silikoni, karibu nusu kwa nusu, huyeyushwa kwa joto linalopita digrii 1,800 za Selsiasi. Uji huo wa moto hupulizwa kwa hewa kali, au hurushwa na magurudumu yanayozunguka kwa kasi, mpaka uvutike na kuwa nyuzi. Uzi mmoja una unene wa maikromita 2 hadi 4 hivi. Lakini kinachozuia joto zaidi ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Kigae chenye uzito wa kilo 300 kwa mita ya ujazo kina hewa karibu sehemu tisa kwa kumi. Kazi yako yote ni kuilinda hewa hiyo.

Wa kwanza kuivamia ni punje. Sehemu ya uji hugandia njiani kabla ya kuvutika, ikabaki vitone vigumu kama mchanga, na katika robota ghafi vitone hivyo vinaweza kufikia karibu nusu ya uzito. Vinaongeza uzito na kupitisha joto bila kusaidia lolote. Katakata nyuzi ndani ya maji, ziache zielee, punje zizame, kisha uziondoe chini ya tangi. Hatua hii inachosha na ndiyo inayorukwa zaidi kazi inapobana.

Sasa gundi, na hapa nakuomba usiharakishe. Nyuzi ukizitia majini ziwe asilimia 1 au 2 tu ya uzito, huongezwa silika ya koloidi, yaani chembe ndogo mno zilizotandaa kwenye maji. Chembe hizo zina chaji hasi, na nyuzi nazo zina chaji hasi, kwa hiyo hazishikani. Ukinyonya maji kwa pampu wakati huo, gundi itatoka nayo yote, na utabaki na kigae kinachomong'onyoka ukikigusa. Anayewapatanisha ni wanga uliotengenezwa uwe na chaji chanya. Ukiutia taratibu, silika na nyuzi hukusanyika kuwa mabonge laini, na maji yaliyobaki hujitenga kama maziwa yanapokatika. Usiamini saa wala maelezo ya karatasi: chota kidogo kwenye chupa ya kioo, uitulize, utazame. Maji ya juu yakiwa meupe, silika bado inaogelea. Yakiwa safi, acha kukoroga papo hapo, kwa sababu kukoroga kupita kiasi huvunja mabonge na kukata nyuzi zikawa fupi.

Kunyonya kwenyewe ni kwepesi kujifunza. Kalibu yenye wavu huzamishwa, pampu inavuta, maji yanapita na nyuzi zinajipanga juu ya wavu. Kumbuka tu kwamba zinalala sambamba na wavu, kwa hiyo kigae kina tabaka. Joto hupata shida kuzikata tabaka hizo, nalo ndilo tunalolitaka, ila ni rahisi kubanduka ukikiinua kibichi kwa kushika ukingo. Kihamishe kikiwa kimelala juu ya ubao.

Kukausha kunaua vigae vingi kuliko moto. Maji yanapokimbilia nje, gundi isiyoshikwa vizuri huyafuata, kisha hukaa kwenye uso. Unapata kigae chenye ganda gumu na moyo laini, kizuri machoni na kisichofaa kitu. Anza na joto la chini, hewa ipite pande zote mbili, umalizie kwenye digrii 110 hivi. Mara kwa mara kata kimoja katikati na ubonyeze moyo wake kwa kidole. Kiongozi akilalamika kwamba unapoteza kigae, mwonyeshe ulichokiona ndani.

Moto wa kwanza unateketeza wanga, basi upandishe polepole na moshi upate njia ya kutokea. Kuhusu namba inayoandikwa kwenye boksi la nyuzi, kwa mfano digrii 1,260, hiyo ni daraja inayopimwa kwa kuangalia kigae kinasinyaa kiasi gani katika joto hilo. Tanuri inayofanya kazi kila siku hupangiwa joto la chini yake kwa digrii 100 au zaidi. Usimwahidi mteja namba ya kwenye boksi.

Hata wakubwa wa kazi hii walikumbana na udhaifu uliojificha. Kabla chombo cha anga cha Columbia hakijaruka mara ya kwanza Aprili 1981, wahandisi wa Marekani waligundua kwamba vigae vyake vya nyuzi za silika na kitambaa cha felti kilichovibeba vilikuwa imara kila kimoja peke yake, ila vikiunganishwa nguvu ilishuka karibu nusu. Mvutano ulikuwa unajikusanya kwenye vituo vichache vya felti. Dawa ilikuwa kupaka uji wenye silika upande wa chini wa kigae ili uso huo uwe mzito na mgumu. Kwa hiyo ukipima kigae chako, pima na mahali kinaposhikwa.

Nimeliacha la mapafu mwisho ili ulibebe unapoondoka. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, IARC, umeziweka nyuzi za kauri katika kundi 2B, yaani huenda zinasababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa usoni hakizuii chochote: vaa barakoa ya daraja la P3, la juu kabisa la kuchuja vumbi, inayokaza, na ndevu huizuia isikaze. Usifagie pakavu, usipulize nguo kwa kompresa. Pale ambapo joto linaruhusu, uliza kama nyuzi zinazoyeyuka mwilini, za silika na kalsiamu au magnesiamu, zinaweza kutumika badala yake. Na jihadhari zaidi na vigae vilivyokwisha kutumika. Baada ya kukaa muda mrefu kwenye joto kali, sehemu ya nyuzi hugeuka kristobalaiti, aina ya silika ya fuwele ambayo IARC imeiweka kundi la 1, pamoja na visababishi vilivyothibitika. Unapobomoa tanuri kuukuu, lowesha vigae kwanza, vitoe vikiwa vizima, vifunge kwenye mifuko, na mpe mwenye tanuri maelezo hayo kwa maandishi kabla mafundi wake hawajaanza kugonga.