Kabla hujalipia kontena la betri, piga hesabu hii kwanza

Wakuu, hii ni kwa mwenye kiwanda, hoteli au ghala la baridi anayefikiria kununua betri kubwa, zile zinazokuja kwenye kontena, maana sisi tumeshapita huko na kuna hela zilituuma sana.

Mimi nasimamia umeme kwenye kiwanda cha barafu na samaki hapa Mwanza. Bosi alisoma kwamba mwaka 2024 BloombergNEF, watafiti wa soko la nishati, walisema pakiti za betri za lithiamu zimeshuka mpaka wastani wa dola 115 kwa kWh (kWh moja ndiyo uniti moja ya umeme), akaja kikaoni na hesabu yake tayari, tunataka kWh 1,000 kwa hiyo ni dola 115,000, hela ipo tuagize. Aisee, ile ni bei ya pakiti peke yake. Bado inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mashine), transfoma, nyaya, mfumo wa kuzima moto, meli, bima, kodi, zege la kulikalishia, na mafundi wa kuja kuliwasha. Mpaka siku tunabonyeza swichi tulikuwa tumefika kama dola 300,000.

Hesabu ambayo ningependa mtu angenifundisha mapema ni hii. Kontena limeandikwa 1,000 lakini waranti inakuruhusu kutumia asilimia 90, zimebaki 900, nyingine zinapotea kwenye inveta na transfoma, kwa hiyo zinazofika kwenye mashine ni kama 850. Na betri inachoka, mwaka wa kumi usitegemee zaidi ya 650 hivi. Chukua wastani wa 750 kwa siku, zidisha siku 365, zidisha miaka 10, unapata uniti kama milioni 2.7. Gawanya zile dola 300,000, kila uniti imekugharimu kama senti 11 za dola, na hapo bado hujalipia umeme wa kuichajia, ambao kila uniti moja unayotoa unakuwa umeingiza kama 1.15. Kwa hesabu ya bosi ilikuwa senti 3! Halafu hiyo senti 11 ni ukiitumia kila siku. Ukiiweka ikungojee umeme ukatike, tuseme siku 100 kwa mwaka, uniti moja inaruka mpaka karibu senti 40. Ndipo uilinganishe na genereta lako, lita moja ya dizeli inatoa kama uniti 3 hadi 3.5, hesabu utaiona mwenyewe.

Angalia pia kW, sio kWh tu. kWh ni tangi, kW ni bomba. Saplaya mmoja alitupa bei nzuri mno, kumbe inveta yake ni ya kW 250, na kompresa zetu zikiwaka pamoja tunavuta zaidi ya 300, na kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Tangi lingekuwa limejaa na samaki wanaharibika.

Usafiri sasa. Bei ya CIF, yaani mzigo pamoja na bima na meli, inaishia Dar es Salaam, kutoka pale ni juu yako, na betri za lithiamu ni mzigo wa hatari daraja la 9 kwa hiyo sio kila lori linabeba. Sisi kontena lilifika bandarini wakati zege letu lina siku tisa tu, na zege linataka siku 28 ndio likomae, kontena lenyewe tani 14. Tukawa tunalipia hifadhi kila siku huku nikienda asubuhi kumwagia maji lile zege na magunia juu yake. Iliniuma kwa kweli. Mwageni zege siku mnayolipa advansi.

Waranti isome neno kwa neno. Yetu inataka seli zikae kama nyuzi 25, na inahesabu mzunguko mmoja kwa siku, yaani kujaza na kutumia mara moja, ukizidisha haikuhusu. Maana yake kile kiyoyozi cha kontena kikifa Jumamosi usiku na hakuna wa kukitengeneza, waranti nayo iko hatarini, kwa hiyo weka spea yake stoo tangu mwanzo. Na umeme kinaokula utoe kwenye hesabu yako.

La mwisho ni neno la siri la programu inayoendesha betri. Liandikwe kwenye mkataba kwamba unakabidhiwa siku ya kuwasha, na ada ya programu ya kila mwaka itajwe kwa namba. Sisi tulilisubiri miezi miwili, na kila tukitaka kubadilisha saa ya kuchaji ilibidi tutume imeili na kungoja kesho yake.